Saa Iliyo Ndani ya Mwili



Watu wengi huja kwa mwuguzi na neno moja tu: "Usingizi umenikimbia." Hawana homa, hawaharishi, hawakohoi. Lakini tangu saa tatu ya usiku hata jogoo la kwanza hulala macho wazi, na kesho yake husinzia juu ya kazi, huwakasirikia watoto bure, husahau chumvi katika mboga. Huku Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma kwenye barabara ya Rutshuru, neno hili limesikika sana katika miaka ya taabu. Na karibu kila anayelisema huomba kidonge. Tutakuja kwenye vidonge. Lakini kwanza yafaa ujue kitu kilicho ndani ya mwili wako mwenyewe, maana usingizi hauji ovyo ovyo. Una saa yake. Saa hiyo yaweza kupotea majira kama saa ya ukutani, na tena yaweza kurudishwa.

Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alitia gizani mmea ulio kama kifauwongo chetu, ule ambao hukunja majani yake usiku na kuyakunjua mchana. Akaona ajabu. Humo gizani, pasipo jua hata kidogo, majani yalizidi kukunjuka asubuhi na kukunjwa jioni. Basi mmea haukungoja kuliona jua ndipo ujue kwamba kumekucha. Ulikuwa na saa ndani yake. Baadaye wataalamu waliona saa ya namna hii katika wanyama, hata katika wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Ni kwa habari ya nzi hao kwamba Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017: walionyesha jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya kila chembe ya mwili.

Nawe unayo. Saa yako kubwa imo ndani ya kichwa, nyuma ya macho, juu ya mahali pale ambapo mishipa miwili ya macho hupishana. Ni fungu dogo sana la chembe kama 20,000. Chembe hizo huliambia tumbo lini lingoje chakula, huuambia mwili lini upate joto na lini upoe, huziambia figo zipunguze mkojo usiku ili usiamke mara kwa mara. Lakini saa hii ina kasoro ndogo. Kwa watu wengi haizunguki kwa saa 24 kamili. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake huko Boston waliipima kwa watu waliokaa mbali na jua na saa za ukutani, wakaona kwamba kwa wastani huzunguka kwa saa 24 na dakika kama 11. Dakika 11 ni kitu gani? Kwa siku moja si kitu. Lakini mtu asiyeirekebisha saa yake kwa mwezi mmoja atakuwa amechelewa zaidi ya saa tano. Kwa hiyo sharti irekebishwe kila siku, kama vile mzee alivyokuwa akitia ufunguo saa yake ya mfukoni kila asubuhi.

Mwenye kuirekebisha ni nuru ya asubuhi. Ndani ya jicho, pamoja na chembe zile za kuonea vitu, zimo nyingine chache ambazo kazi yake si kuona. Kazi yake ni kupima nuru tu, hasa nuru yenye rangi ya buluu kama ya mbingu, na kupeleka habari kwa ile saa: kumekucha, au kumekuchwa.

Sasa sikia habari ya melatonini. Katikati ya ubongo kuna tezi kiasi cha punje ya mchele. Giza linapoingia, na saa ya mwili ikikubali kwamba ni usiku, tezi hiyo hutia ndani ya damu homoni iitwayo melatonini. Jina hilo lilitolewa mwaka 1958 na daktari Aaron Lerner na wenzake wa chuo cha Yale, Marekani, ambao waliipata kwa taabu kubwa kutoka katika tezi za ng'ombe. Wengi husema melatonini ni dawa ya usingizi ya mwilini. Si hivyo hasa. Haikuangushi kama dawa ya kupasulia. Kazi yake ni kama ya mpiga mbiu anayepita kijijini jioni, akiambia kila nyumba: usiku umeingia, fungeni milango. Huanza kupanda kama saa mbili kabla ya wakati wako wa kulala, huwa nyingi katikati ya usiku, kuanzia saa nane hata saa kumi, na alfajiri hushuka mpaka karibu haipo. Mpiga mbiu akipita kwa wakati wake, watu hulala. Akichelewa, nyumba zote hukesha. Tena akikutana na nuru kali njiani, hunyamaza kabisa: mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba taa yenye nguvu ikiwashwa usiku hukomesha melatonini ndani ya damu ya mwanadamu.

Hapa twaweza kujihesabu kuwa watu wenye bahati. Goma haiko mbali na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, na tofauti kati ya siku ndefu kupita zote na fupi kupita zote haifiki robo saa. Jamaa zetu waliohamia Norway au Kanada hawana neema hiyo. Huko wakati wa baridi huenda kazini gizani na kurudi gizani. Tena sisi tunaosema Kiswahili twahesabu saa kama mwili unavyozihesabu: saa ya kwanza ya mchana ni ile inayofuata kuchomoza kwa jua. Wazee wetu hawakusoma habari za tezi, lakini hesabu yao ilikuwa sawa na ya ile tezi.

Pengine utasema: "Kama ni nuru tu, mbona mimi ninayo taa nyumbani?" Chukua mshumaa mmoja, uuwashe, usimame mbali nao hatua moja. Nuru inayokufikia wataalamu huiita luksi moja. Mwezi mpevu hautoi hata theluthi ya hiyo. Chumba chenye taa ya umeme kina luksi kama mia moja au mia tatu. Lakini toka nje wakati wa mchana, hata siku ya mawingu ambapo mlima Nyiragongo hauonekani, utakuta maelfu, mara nyingi 10,000. Na jua kali la adhuhuri hufika 100,000. Jicho lako hujizoeza, kwa hiyo huoni tofauti kubwa hivyo. Saa ya mwili huiona. Aliyekaa ndani ya nyumba mchana kutwa, mwili wake wahesabu kwamba amekaa karibu na usiku. Na akiwasha taa kali saa nne ya usiku, mwili wahesabu kwamba ni jioni bado. Hivyo mchana wake si mchana na usiku wake si usiku, na mpiga mbiu hajui apite lini.

Basi ni nini kilichotokea kwa watu wa Kanyaruchinya na wale waliopata kuishi hapa?

Fikiri juu ya mkulima wa Rutshuru. Kwao alikuwa akiamka kabla ya jua, akashika jembe, na saa ya kwanza ya mchana ilimkuta shambani, nuru yote ya mbingu juu ya uso wake. Jioni alirudi amechoka, akala maharagi kando ya moto, akalala. Saa ya mwili wake ilikwenda sawasawa naye hakujua kwamba anayo. Kisha mwaka 2022 vita vikamfukuza, akafika Kanyaruchinya pamoja na maelfu wengine, akajenga kibanda cha miti na turubai juu ya mawe meusi ya lava. Jembe analo, shamba hana. Asubuhi hana pa kwenda. Alala kidogo mchana kwa kuwa hakulala usiku, na usiku halali kwa kuwa alilala mchana. Kipindupindu kilipozuka katika kambi mwishoni mwa mwaka ule, usiku ulijaa watu wakibebwa kupelekwa kwa wauguzi. Watoto walia, majirani wakohoa, mvua yapiga turubai. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilitekwa na M23, na katika Februari kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Wengi wakarudi kwao au wakaenda kukaa kwa ndugu. Lakini mtu aliyevunja kibanda chake hakuiacha saa yake mbovu pale juu ya lava. Ameichukua pamoja na sufuria zake.

Twaliona jambo hili kuwa kubwa: aliyepoteza shamba alipoteza na asubuhi yake.

Tena kuna hofu. Nyiragongo ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, na tena jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, ambapo lava ilishuka mpaka Buhene, ukingoni mwa mji. Watu walitembea usiku kucha, wengine kwenda Sake, wengine kuvuka mpaka kwenda Rwanda. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, na watu walilala nje kwa kuogopa kuta. Mtu aliyeamshwa hivyo, au aliyeamshwa na mlio wa bunduki, mwili wake umejifunza kwamba usiku ni wakati wa kukesha. Huo si upumbavu wala si ugonjwa wa akili. Ni ulinzi, nao ulimwokoa. Moyo hupiga upesi, masikio husimama, usingizi huondolewa kwa nguvu. Shida ni kwamba mlinzi huyu hajui kwenda nyumbani baada ya hatari kupita.

Wengine wameuliza kama mwanga mwekundu wa mlima ndio unaozuia usingizi. Hapana. Nuru nyekundu haiigusi sana ile saa, tena mwanga ule ni hafifu. Mlima huondoa usingizi kwa hofu, si kwa nuru. Moto wa kuni na taa ndogo ya mafuta vilevile havina madhara makubwa kwa saa ya mwili (kwa mapafu ni habari nyingine). Taa nyeupe za siku hizi na simu ndizo zenye ile buluu. Tena kwa simu nafikiri madhara ni mawili: nuru yake karibu na uso, na habari inazoleta. Mtu anayesoma saa tano ya usiku kwamba mapigano yamefika kijiji cha mama yake hawezi kulala, hata kama angeisoma kwa nuru ya mwezi.

Sasa la kufanya. Anza na asubuhi, wala si na usiku. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hujui kujiamuru kulala, lakini waweza kujiamuru kuamka. Chagua saa moja ya kuamka, tuseme saa kumi na mbili na nusu, ushike hiyo hiyo kila siku, hata kama ulilala saa tisa. Toka nje upesi. Kaa nje nusu saa au zaidi, ukifagia kiwanja, ukichota maji, ukitembea barabarani pamoja na wenye chukudu wanaoteremsha viazi na makala kwenda mjini. Huna haja ya kulitazama jua, tena usilitazame kamwe. Inatosha uso wako uwe chini ya mbingu. Asiyekuwa na shamba na atafute kazi yoyote ya asubuhi, ijapokuwa ni mistari miwili ya sombe ndani ya magunia yaliyojazwa udongo. Sombe itamfaa, na asubuhi itamfaa zaidi.

Mchana, ukielemewa, lala nusu saa tu, tena kabla ya saa tisa. Kahawa ya Kivu ni nzuri sana, lakini inywe asubuhi. Ile unayoikunywa saa kumi ya jioni ingali ndani ya damu yako saa nne ya usiku. Kuhusu kasiksi na bia, watu husema zaleta usingizi. Huleta nusu ya kwanza ya usiku na kuiba nusu ya pili: mnywaji hulala upesi, kisha saa nane huamka kinywa kikavu, moyo ukimpiga.

Jioni, saa moja kabla ya kulala, punguza taa. Ile iliyobaki iweke chini, si juu ya kichwa. Simu ilale mbali na mkeka. Na kama ni lazima isikike kwa ajili ya hatari, iache ilie, lakini uigeuze kifudifudi. Palipo na taa ya njia ya choo, isizimwe kwa sababu ya maneno haya! Taa ile huwalinda wanawake na watoto usiku. Wewe tundika kitenge mlangoni, ndani pawe giza, nje pawe salama.

Ukiwa umelala na usingizi haujaja kwa muda kama wa nusu saa, usipigane nao. Ondoka kitandani, kaa kimya karibu na nuru ndogo, jifunike maana usiku wa huku una baridi, urudi macho yakiwa mazito. Mwenye hofu na afanye jambo moja zaidi: kabla ya giza aweke tayari vitu vya safari, yaani karatasi zake, viatu, kanga ya mtoto, mahali pamoja karibu na mlango, na wapatane na jirani nani atamwamsha nani. Wengine watasema kwamba hii ni kuzidisha hofu. Lakini yule mlinzi wa ndani hukubali kupumzika akijua kwamba yuko mwingine wa zamu. Usitegemee badiliko kwa usiku mmoja. Saa ya mwili husogea polepole, na wiki mbili ni muda wa kawaida.

Hapo tena watu husema, "Mimi nilipata Valium sokoni, nikalala vizuri." Ni kweli, diazepamu hulaza. Lakini haiirekebishi saa, humziba mpiga mbiu mdomo na kumwangusha mwenye nyumba. Baada ya majuma machache mwili huizoea, hutaka viwili badala ya kimoja, na asipovipata hutetemeka. Hukaa mwilini siku kadhaa. Ikichanganywa na pombe yaweza kuzuia pumzi. Wazee huanguka nayo wakienda chooni usiku na kuvunjika nyonga. Na hapa petu kuna jambo la zaidi: mama aliyelazwa na Valium hasikii mtoto akilia, wala hasikii watu wakipiga kelele kwamba mlima umepasuka. Hata hivyo, kama umeitumia kwa muda mrefu usiiache ghafula, maana kifafa chaweza kukushika. Njoo upunguziwe kidogo kidogo.

Na vidonge vya melatonini yenyewe? Vipo, na kwa watu fulani ni msaada wa kweli, hasa vipofu wasioona nuru kabisa, ambao saa yao haina wa kuirekebisha na huzunguka mwezi hata mwezi, mara usiku, mara mchana. Ulaya kuna kidonge cha miligramu 2 kinachoyeyuka polepole, kilichokubaliwa mwaka 2007 kwa watu wenye miaka 55 na zaidi. Dawa hii hutumika kidogo, na wakati wa kuimeza ni jambo kubwa kuliko wingi wake: ikimezwa jioni huvuta saa mbele, ikimezwa asubuhi huirudisha nyuma. Tena angalia chupa zinazoletwa kutoka ng'ambo. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima namna 31, wakakuta nyingine zina sehemu ndogo tu ya kiasi kilichoandikwa, na moja inacho karibu mara sita. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kifafa na anayetumia dawa ya kupunguza damu kuganda asimeze pasipo kumwuliza daktari. Kwa mtu ambaye usingizi wake umeondolewa na hofu, kidonge hiki hakifanyi kazi nyingi. Tatizo lake si mbiu.

Usije hospitalini kuomba upimwe melatonini. Kipimo hicho huhitaji mate au damu iliyochukuliwa mara nyingi katika chumba chenye giza, kazi ya maabara makubwa. Habari unazotueleza zatufaa zaidi.

Nakwambia sasa wewe baba unayelinda nyumba ya mtu mjini, wewe zamu, nawe mwuguzi wa usiku. Kazi yenu yapigana na saa ya mwili moja kwa moja. Mwaka 2007, na tena 2019, shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliitia kazi ya usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Neno hili lisikutishe uache mkate wa watoto wako. Lakini lakuonyesha kwamba usingizi wako wa mchana si uvivu. Lala kidogo jioni kabla ya kwenda. Kula chakula kikubwa kabla ya kazi, si saa saba ya usiku, kwa maana wakati huo mwili hauwezi kutunza sukari vizuri, na kwa mwenye kisukari ni hatari. Asubuhi ukipanda barabara kurudi Kanyaruchinya, vaa kofia yenye ukingo, usikae kwa hadithi juani. Nenda moja kwa moja, funika dirisha kwa kitenge kizito, ulale. Usipande pikipiki kama dereva ukiwa hujalala. Nawe mama, mume wako akilala saa tatu ya asubuhi, mhesabie kwamba ni saa tisa ya usiku. Hungemwamsha saa tisa ya usiku kwa ajili ya kuuliza fedha za mafuta.

Wenye watoto wachanga wasihangaike. Mtoto huzaliwa saa yake haijaanza kwenda, na mpaka miezi kama mitatu mchana na usiku kwake ni mamoja. Maziwa ya mama yanayotoka usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana, basi mama humsaidia mwanawe bila kujua. Mnyonyeshe usiku kwa nuru ndogo, na mchana mtoe nje. Vijana wa miaka 15 au 17 nao saa yao huchelewa kwa asili. Si ukaidi wote. Wazee, tezi yao hutoa kidogo, huamka saa kumi na kuanza kufagia. Waache wafagie.

Lakini si kila kukosa usingizi kwatokana na saa. Mtu anayelala mchana na kukesha usiku, naye amekaa katika nchi zenye mbung'o, kama Kwilu, Kasai au Maniema, tena ana homa za mara kwa mara, uvimbe wa shingo, au tabia yake imebadilika, na apimwe malale upesi. Kongo yetu ndiyo yenye wagonjwa wengi wa ugonjwa huo, nao huharibu kabisa mpango wa usingizi, kisha huua. Kwa wengi sasa dawa yake ni vidonge, feksinidazoli, iliyojaribiwa hapa Kongo na kukubaliwa mwaka 2018. Anayeamka kila siku na kichwa kizito, na nyumba yake ina mbabula ya makala iliyoachwa ikiwaka ndani usiku, hana shida ya usingizi. Anavuta sumu, na mbabula itolewe leo hii. Anayekoroma na kukatika pumzi, anayeota vita vile vile kila usiku, anayeamka saa tisa akilia na kutotaka kuishi, wote hawa waje, na huyu wa mwisho aje leo, wala asije peke yake. Na anayetumia propranololi au atenololi kwa ajili ya moyo au shinikizo la damu asishangae: dawa hizo hupunguza melatonini. Asiziache, aseme tu kwamba halali, daktari atajua la kubadilisha.

Kabla ya kuja, fanya hivi kwa siku 14. Chora mstari mmoja kwa kila siku juu ya karatasi, au kwa kaa la moto juu ya ubao kama huna karatasi. Tia alama mahali ulipolala, mahali ulipoamka, ulipolala mchana, ulipokunywa kahawa au kasiksi, na ulipotoka nje asubuhi. Usiyejua kuandika, mwanao wa shule atakuandikia. Njoo na karatasi hiyo, pamoja na vidonge vyote unavyotumia, hata vile ulivyopewa na jirani.